Neva kwenye sinia la unga

Ilikuwa Ramadhani ya 2019, mie niko mwaka wa kwanza wa udaktari hapa Unguja, semista ya pili. Kwetu Wete, Pemba, na dakhalia ya chuo sikupata, kwa hiyo nilikuwa nakaa kwa khalati yangu Mwanakwerekwe. Kuna wanaodhani huku kwetu ni kama Marekani, usome digrii nyengine kwanza ndo uombe udaktari, hapana, ukitoka kidato cha sita na PCB yako, yaani fizikia, kemia na bayolojia, unaingia moja kwa moja, miaka mitano, na mwaka wa kwanza huohuo unakutana na anatomia (maumbile ya mwili), fiziolojia (namna unavyofanya kazi) na bayokemia (kemia ya ndani yake) kwa mkupuo.

Skuli nilizoea mada moja tunakaa nayo wiki, mwalimu anarudia, tunafanya maswali ya miaka ya nyuma mpaka yanaganda. Chuo unapewa mkono mzima, kuanzia bega mpaka ncha za vidole, mifupa, misuli, mishipa ya damu, neva yaani mishipa ya fahamu, wiki chache tu, na wakati huohuo bayokemia inakwenda zake na fiziolojia inakwenda zake, hakuna somo linalokusubiri. Afu juu ya hayo nilijitwisha mengine, tyusheni ya watoto wa kidato cha pili siku tatu kwa wiki mana nilitaka pesa ya nauli na fotokopi, na kozi ya kompyuta ya jioni ambayo ammi yangu alishanilipia, nikaona haya kumwambia siiwezi.

Testi ya kwanza ya anatomia nilipata 31. Sikumwambia mtu. Nilichofanya nikachukua karatasi nikapanga ratiba upya, masaa sita ya kusoma kila siku mbali na vipindi, nikaibandika mlangoni mwa kabati, na ilipoingia Ramadhani masaa ni yaleyale, nikitoka tarawehe nafundisha, nikimaliza nafungua kitabu mpaka daku, nasali alfajiri, nalala kidogo, saa mbili kipindi. Na kweli masaa sita niliyatimiza, kila siku naweka tiki, na zile tiki zilikuwa zinanipa moyo sana, naona hapa sasa nimejituma.

Sasa siku hiyo ni Ijumaa, testi ya pili Jumatatu. Baada ya alasiri nipo jikoni na kitabu changu magotini, khalati anasukuma chapati za futari, muhogo wa nazi uko jikoni unachemka. Akageuka kuchukua sinia, kisukusuku kikagonga ukingo wa mlango. Akaushika mkono akakunja uso mpaka maumivu yakamtoka, halafu akanambia, "Hebu we daktari, mbona mtu akijigonga hapa ganzi inakwenda mpaka kidole cha mwisho, na vyengine havina habari?"

Nikafungua mdomo nikawa sina cha kusema. Ukurasa wenyewe ulikuwa wazi mbele yangu! Neva ya alna, hiyohiyo inayopita kisukusukuni, nilishaisoma mara tatu wiki ile, nimeipiga mstari kwa kalamu ya manjano, najua mpaka iko upande gani wa ukurasa, lakini kuisema kwa mdomo wangu sikuweza. Nikaanza kulia, na wala si kwa lile swali, ni yale masaa yote, nikayaona yamekwenda wapi?

Khalati hakunibembeleza. Alizima jiko, akanyunyiza unga kwenye sinia akaliweka mbele yangu sakafuni, akachukua kitabu akakifunga. "Nichoree. Kama ulivyokuwa unanichorea herufi ulipokuwa mdogo."

Nikachora kwa kidole. Mizizi mitano ya neva inayotoka shingoni, kitabuni inaitwa C5 mpaka T1. Inaungana kuwa vigogo vitatu. Kila kigogo kinagawika mara mbili, cha mbele na cha nyuma, vinakuwa sita. Vinaungana tena kuwa kamba tatu, na kwenye kamba ndo yanatoka matawi matano makubwa yanayoteremka mkononi. Nilikosea pale kwenye kamba, nikafuta kwa kiganja, nikafungua kitabu nikatazama, nikafunga, nikachora tena. Mara ya nne ikakaa. Khalati alitazama weee akasema, "Huu si mkarafuu huu, na mizizi na kigogo na matawi." Nikamuonesha lile tawi la ndani, ndo hiyo alna, linavyopita nyuma ya mfupa wa kisukusuku, halina nyama ya kulikinga, limefunikwa na ngozi tu, na linakokwenda ni kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, ndo mana. Akajibonyeza mwenyewe palepale, akatikisa kichwa. Haikufika hata nusu saa, na mpaka leo sijaisahau.

Usiku ule nikaibandua ile ratiba. Tyusheni nikaibakisha siku moja, Jumamosi, mana nauli naihitaji kweli. Ammi nikampigia simu Pemba huku natetemeka, nikamwambia kozi ya kompyuta naomba niisogeze mpaka likizo, akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Mwanangu, sasa siku zote hizi ulikuwa unanificha nini?" Nikalala saa tano mpaka daku, usingizi wa kwanza wa maana toka mfungo uingie.

Jumatatu lile swali la alna halikuja. Lilikuja la neva ya radiali, tawi jengine katika yale matano, mtu kavunjika mfupa wa juu wa mkono, kiganja kinaning'inia hawezi kukiinua, eleza kwa nini. Nikafumba macho nikaliona sinia. Nilipata 54, si kubwa, lakini nilikuwa natoka 31.

Nilirudi nyumbani jioni ile nimelowa mvua ya masika, hata sijavua viatu, khalati kakaa jikoni na unga keshaunyunyiza. Hakuniuliza testi imekwendaje. Akanisogezea sinia akasema, "Haya, leo kiungo gani? Mguu?"