Darubini ya kuongozea watalii: chukua 8x42, iache 20x50

Ulizia darubini katika maduka ya Arusha mjini, muuzaji atakutolea kwanza ile inayovuta sana. "Hii mara ishirini, kaka, simba unamhesabu meno." Porini hiyo ndiyo itakayokukwamisha.

Soma namba hivi: kwenye 8x42, 8 ni mara ngapi inavuta, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8, unapata 5.25, yaani upana wa mwanga unaolifikia jicho. Mchana mboni hujifunga hadi milimita 2 au 3, lakini alfajiri na jioni, saa za chui, hufunguka hadi 5 au zaidi. 10x42 inatoa 4.2, bado inafaa. 20x50 inatoa 2.5, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi utaona kivuli tu, tena kinachoruka, maana mtikisiko wa mkono nao unakuzwa mara 20. Mchana Serengeti, hewa ya moto inapocheza juu ya nyasi, kuvuta zaidi ni kukuza mawimbi hayohayo. Zile zilizoandikwa 10-180x100, yaani zinazodai kuvuta mara 10 hadi 180, usizishike kabisa.

Pesa yako iende kwenye kioo na uzibaji. Ishike darubini mbali kidogo na uso, uielekeze penye mwanga, uangalie vile viduara vya mwanga kwenye lenzi za jicho. Vikiwa duara kamili, prizimu (vioo vya ndani vinavyoigeuza picha isimame wima) kwa kawaida ni BAK-4, kioo kizuri. Vikiwa na kingo za kijivu zilizokatwa kama pembe, ni BK7, kioo cha bei rahisi. Kisha tazama taa inavyoakisiwa kwenye lenzi ya mbele: kijani au zambarau iliyofifia ni dalili nzuri, nyeupe kali maana yake lenzi haina mipako, yale matabaka membamba yanayopunguza mwako. Zile nyekundu zinazong'aa ni urembo.

Kwa bajeti ndogo, umbo la zamani lenye mabega mapana hutoa picha safi kuliko la mirija iliyonyooka la bei ileile. Ila nyingi hazijazibwa, na vumbi la Ndutu, kusini mwa Serengeti, ni jivu la volkano, linapenya popote. Anayefanya kazi ya gari kila wiki achague mirija iliyonyooka iliyojazwa naitrojeni; haitashika ukungu ndani mkitoka baridi ya ukingo wa Ngorongoro kushuka chini.

Usilipe kabla ya kutoka nje ya duka. Tafuta waya wa umeme ulio mbali, kisha isogeze darubini polepole kutoka machoni hadi picha ziwe mbili. Waya ukiwa juu upande mmoja na chini upande mwingine, prizimu zimehama: macho yatalazimika kuunganisha picha hizo, na kichwa kitauma kabla ya chakula cha mchana. Kwa mtumba hili ndilo tatizo kubwa, kwa sababu nyingi zimeshaanguka. Mulika pia tochi kupitia lenzi ya mbele; ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu. Ukiwa Moshi, asubuhi kabla ya mawingu, tazama kwa darubini ukingo wa barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mstari mwembamba wa zambarau unavumilika, mnene hapana.

Mvaa miwani ahakikishe nafasi ya jicho, yaani umbali kutoka lenzi ya jicho ambapo bado unaona picha nzima, si chini ya milimita 15, na vikombe vya mpira avishushe.

Kuirekebisha: fumba jicho la kulia, fokasi kwa gurudumu la kati, kisha fumba la kushoto, zungusha pete ya upande wa kulia tu. Weka alama ya kalamu kwenye pete, maana wageni wataichezea. Garini zima injini, egemeza viwiko kwenye mfuko wa maharage juu ya paa. Vumbi lipulizwe kwanza, lifuatwe na brashi laini, kitambaa kije mwisho. Ukianza na fulana, unasugua mchanga kwenye mipako uliyoilipia.