Siku moja maishani mwangu: kupima sukari kwa unga mweusi wa shaba

Saa 12 asubuhi simu ikaita, mama kutoka Moshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo sukari imesoma nane nukta moja, na sijatia kitu mdomoni."

Nikamuuliza kama kile kichupa cha vipande vya kupimia amekifunga vizuri. Humuuliza kila siku. Kipande kile kina kimeng'enya kinachoitambua sukari, na kimeng'enya ni protini. Joto na unyevu vikikiingia kinachoka, na kikichoka namba hudanganya.

Saa 2 nipo maabara, Tengeru. Natafuta kipimo kisichohitaji kimeng'enya kabisa.

Saa 3 nilimimina kostiki soda kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba. Papo hapo ikaganda kama uji wa bluu. Nikabandika motoni, nikakoroga taratibu. Bluu ikafifia, ikaja kahawia, halafu ghafla nyeusi tii. Hapo maji yametoka, imebaki oksidi ya shaba, chembe zake za kupimwa kwa nanomita. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Nimeshaona mageuzi haya mara nyingi na bado huacha kila kitu nikayatazama. Wakulima wa kahawa wa huku wanaijua shaba kama dawa ya kupulizia. Mimi naitaka inyang'anye elektroni, chembe za umeme, kutoka kwenye glukosi, yaani sukari ya damu.

Saa 6 nilisugua elektrodi ya kaboni, kijiti cha kupitishia umeme, kipenyo milimita 3, kwa unga wa alumina, mkono ukichora namba nane mpaka uso ukang'aa kama kioo. Nikadondoshea mikrolita 5 za ule unga mweusi wa shaba uliochanganywa na maji, nikaiacha ikauke. Nikala makande.

Saa 8 niliipa elektrodi volti 0.55. Kila tone la glukosi, mkondo wa umeme unapanda ngazi moja. Ngazi ya saba umeme ukakatika. Nikaanza upya. Kisha nikatia vitamini C, ambayo nayo imo kwenye damu: ngazi ndogo sana, afadhali.

Lakini haya yote hufanyika ndani ya kostiki soda, pH 13 (kipimo cha asidi na alkali; 7 ni katikati). Damu ni 7.4. Naona wengi wetu tunapita hapa haraka mno. Ngazi nzuri hazimsaidii mama kama lazima kwanza tone lake la damu lichanganywe na kitu kinachounguza ngozi.

Saa 10 nilihamia kupima peroksaidi ya hidrojeni kwa elektrodi hiyo hiyo, ambayo peroksaidi niliichanganya leo leo na kuifunika kwa foili, maana mwanga huivunja ikawa maji na oksijeni. Hii inapimika kwenye pH 7.4, volti zikigeuzwa hasi. Nataka nije niijaribu kwenye maziwa, kwani wapo wanaoitia ili yasichache.

Saa 12 jioni nilitoa elektrodi iliyokaa droo wiki mbili, bila friji, bila kifuniko. Nikaitumbukiza, nikadondosha glukosi. Ikapanda ngazi, fupi kidogo kuliko ya siku ya kwanza. Nikaandika daftarini, nikampigia mama.