Alipata au Alipigwa

Jumatatu ya tarehe 30 Machi 2020, mnamo saa tatu asubuhi, nilisimama mbele ya kaunta ya kituo kimoja cha polisi upande wa Likoni, Mombasa, kituo ambacho sitakitaja jina, nikijitahidi kusoma mwandiko wa askari wa zamu uliokuwa umenigeukia kichwa chini. Kulia kwangu alikuwa jirani yetu, mama muuza mahamri, amejitanda leso mpaka puani kwa kuwa barakoa zilikuwa bado adimu. Nyuma yake alisimama mwanawe wa miaka 19, mkono wa kushoto umefungwa plasta toka kiwikoni hadi vidoleni, na kwa mkono wa kulia ameshika bahasha kubwa ya kaki yenye picha ya eksirei. Kijana hakutaka kuja. Njia nzima alikuwa akisema, "Mama, tuyaache haya, hawa watanijua," na mamake hakumjibu hata mara moja.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na shule zilikuwa zimefungwa wiki mbili nyuma kwa sababu ya korona, lakini si ualimu ulionipeleka pale. Miaka miwili kabla ya hapo, wakazi kadhaa wa mtaa wetu tulikuwa tumehudhuria mafunzo ya wasaidizi wa kisheria katika ukumbi mdogo wenye feni moja, na wakili aliyetufundisha alirudia neno moja mpaka tukawa tunamcheka: kwamba mwananchi aliyepigwa na askari huwa na mashahidi mia mtaani na hana hata mmoja kortini, kwa sababu hakuna aliyeandika. Alituagiza tuandike siku, saa, mahali, nambari ya gari, na zaidi ya yote jina au nambari iliyo kifuani mwa askari, kwa kuwa Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka kila askari mwenye sare aibandike mahali inapoonekana wazi. Tangu hapo kazi yetu ikawa kumsindikiza mtu kituoni, kuhakikisha kwamba malalamiko yake yameingia katika kitabu cha matukio, ambacho kila mtu nchini Kenya hukiita OB, na kuondoka na nambari yake. Ni kazi isiyo na fahari. Wenzetu wa maandamano walikuwa na mabango na vipaza sauti. Sisi tulikuwa na benchi la mbao na askari ambaye kila tukimuulizia tuliambiwa ametoka kidogo tu.

Sasa niieleze Ijumaa iliyotufikisha kwenye kaunta hiyo. Amri ya kutotoka nje, toka saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ilianza kutekelezwa tarehe 27 Machi, siku mbili tu baada ya Rais kuitangaza. Asiyekijua kivuko cha Likoni pengine hataelewa maana yake. Barabara pale inaishia majini, na anayekwenda kwa miguu hakuwa na njia ya kufika kwake ila feri, kwa hiyo watu ambao kwa kawaida huvuka kwa mafungu toka alasiri hadi usiku wote walijaa kivukoni wakati mmoja, kila mmoja akiogopa kukutwa na saa moja upande usio wake. Nami nilikuwamo, natoka mjini na mfuko wa unga na galoni ya mafuta ya kupikia. Saa moja ilikuwa bado mbali na jua lingali linachoma, ndipo vitoa machozi viliporushwa na marungu yakafuata. Watu walilazwa kifudifudi juu ya lami. Wale waliokuwa wakiambiwa siku nzima kwamba waachiane nafasi wasije wakaambukizana, sasa walikuwa wamelaliana kama magunia, wanakoholeana usoni.

Kijana wa jirani yetu alikuwa hatua kama kumi mbele yangu, ametoka kubeba mizigo soko la Kongowea. Hakukimbia, kwani hapakuwa na pa kukimbilia. Aliinua mkono kukinga kichwa, na rungu likaushukia mkono. Nilimwona na aliyempiga. Hata leo nakumbuka viatu vyake vilivyopauka, nakumbuka rungu lilikuwa na kamba kwenye mpini, na nakumbuka koti zito alilolivaa juu ya sare wakati sisi tulikuwa tukitiririka jasho. Nambari yake siikumbuki, kwa sababu sikuitazama. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiwahimiza wenzangu watazame kifua, na siku ilipofika zamu yangu, macho yangu yalifuata rungu.

Turudi kituoni. Askari wa zamu alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho mekundu ya kukesha, na lazima niseme kwamba hakutufokea. Alitusikiliza mpaka mwisho, akavuta lile buku kubwa lenye jalada gumu, akapiga mstari kwa rula na kuandika kwa Kiingereza mistari miwili na nusu. Kisha akakata kipande cha karatasi pembeni mwa gazeti ili atuandikie nambari. Ingekuwa siku nyingine ningeshukuru na kuondoka, maana kupata nambari ndani ya nusu saa ni bahati. Lakini mama alimwuliza, "Umeandikaje, mwanangu?"

"Nimeandika kama mlivyosema, mama."

"Basi nisomee. Kizungu mimi sikusoma, nisomee kwa Kiswahili."

Askari alikohoa kidogo, akaweka kidole juu ya mstari na kutafsiri polepole: kwamba mlalamishi amefika kuripoti kuwa tarehe 27 mwanawe alipata majeraha katika kivuko cha feri.

"Alipata?"

"Ndiyo, mama. Alipata majeraha."

"Mtu hupata kazi," mama akasema, bila kupandisha sauti. "Hupata mtoto, hupata riziki. Majeraha haya huyu hakuyapata. Hakuyaokota pale kama embe la kuanguka. Huyu alipigwa."

Nimefundisha kauli ya kutendwa kwa miaka mingi, nikiandika ubaoni mizizi ya vitenzi na kuichomekea ile *w* ndogo, na sijawahi kufundishwa somo hilo jinsi nilivyofundishwa asubuhi ile. Ukisema kijana alipigwa, sentensi yenyewe inabaki wazi mlango, inadai uambiwe alipigwa na nani. Ukisema alipata majeraha, mlango umefungwa, na kibaya zaidi ni kwamba mtenda amekuwa kijana mwenyewe. Yeye ndiye aliyepata. Askari hayumo katika sentensi, rungu halimo, wala huwezi kuuliza wako wapi, kwa kuwa sarufi haikuacha nafasi yao. Sidhani kwamba askari yule alilipanga hilo kwa hila. Nadhani ndivyo kitabu kile kilivyokuwa kikiandikwa siku zote, na mkono wake ulikuwa umezoea.

Nilimwomba aandike upya. Akajibu kwamba OB huandikwa kwa Kiingereza, nami nikamkumbusha kwamba Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawasawa na Kiingereza. Akajibu tena, na hili lilikuwa na uzito zaidi, kwamba hawezi kuandika alipigwa na askari bila kujua ni askari gani. Akaniuliza mimi niliyedai kuwa shahidi nimpe nambari.

Sikuwa nayo. Mama alinigeukia, na katika muda wote wa mkasa ule hakuna lililonichoma kama yale macho, kwani ni mimi niliyekuwa nimemwambia Jumamosi, barazani kwake, kwamba nimeona kila kitu. Nikasema nambari haikuonekana, kwa kuwa aliyempiga alivaa koti juu ya sare. Nikaongeza, kwa ile haraka ya mtu anayetaka kulifunika jambo, kwamba basi na hilo liandikwe, maana kutoonekana kwa nambari ni kosa peke yake.

Askari aliweka kalamu chini. Akainamia kaunta na kusema kwa sauti ambayo waliokaa bencini hawakuisikia, "Mwalimu, wewe utarudi kwako. Mimi nalala laini na hawa."

Laini ni makazi ya askari, na neno lile nimelifikiria mara nyingi. Sheria niliyoitaja inasema kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu isivyo halali, na kwamba askari aliyemjeruhi mtu vibaya anapaswa kuripoti yeye mwenyewe kwa wakubwa wake. Lakini haielezi namna ya kulala chumba kimoja cha mabati na mtu ambaye umeliandika jina lake kitabuni. Nikamwambia, nami nimepunguza sauti, kwamba kitabu kile si hukumu, kwamba hakuna anayemtaka athibitishe lolote, na kwamba kazi yake ni kuandika alichosema mlalamishi, si anachokiamini yeye. Alinyamaza. Kisha akaingia ndani kumwita mkuu wake.

Mkuu wa zamu alitoka na kikombe cha chai mkononi, akatuuliza shida ni nini, na mama akamweleza kwa maneno yale yale ya kazi, mtoto, riziki na embe, wala hakupunguza hata moja. Yule bwana aliutazama mkono wa kijana kwa muda, halafu akaitazama bahasha. "Mwandikie mama maneno yake," akasema, akarudi ndani. Sijui kilichomfanya. Huenda ni plasta, huenda ni chai iliyokuwa inapoa.

Askari alipiga mstari mmoja juu ya maandishi ya kwanza, akatia sahihi fupi pembeni, akaanza upya kwa Kiswahili. Mama alimfanya aisome sentensi mara mbili: mlalamishi anasema kwamba mwanawe alipigwa kwa rungu kwenye mkono wa kushoto na askari aliyevaa sare, ambaye nambari yake haikuonekana. Mara ya pili kijana naye alisogea mpaka kaunta, akainama juu ya buku, akafuata maneno kwa kidole cha mkono mzima. Hakusema kitu. Tulipewa nambari 14/30/03/2020 kwenye kile kipande cha gazeti, na mama akakikunja mara nne, akakitia pembeni mwa leso na kupiga fundo.

Tuliyafanya mengine yaliyobaki. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ambayo hutolewa bure ingawa wapo wanaotozwa, ilijazwa sehemu yake ya kwanza na polisi, na ile nyingine tukampelekea daktari, ambaye alieleza kwa kalamu yake mvunjiko wa mfupa na aina ya kifaa kinachoweza kuuvunja namna hiyo. Nakala zote tulizipeleka ofisi ya Mombasa ya IPOA, mamlaka huru iliyoundwa mwaka 2011 kupokea malalamiko dhidi ya polisi, pamoja na ushahidi wangu wa kurasa mbili. Nilipokuwa nikiuandika usiku, nilifika kwenye maneno yale, nambari haikuonekana, na kalamu ikakwama. Nilikuwa nimemlaumu askari kwa kulificha rungu nyuma ya kitenzi, na mimi nilikuwa nimeyaficha macho yangu nyuma ya kitenzi kingine. Huenda nambari ilikuwa chini ya koti. Huenda ilikuwa juu yake. Nilikata, nikaandika: sikuitazama. Mwenzangu mmoja wa kikundi alinionya kwamba neno hilo litaudhoofisha ushahidi, na pengine alisema kweli, lakini nililiacha.

Usiku wa Jumatatu ile ile tuliyokuwa kituoni, huko Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa roshanini kwao wakati askari walipokuwa wakitekeleza kafyu, na asubuhi nchi nzima ilikuwa ikimzungumza. Jumatano, tarehe 1 Aprili, Rais aliwaomba Wakenya radhi kwa nguvu iliyopita kiasi. Mama aliisikia redioni akiwa anakanda unga, na jioni nilipopita kununua mahamri aliniambia tu kwamba radhi ameisikia, akaniongezea hamri moja.

Tarehe 16 Aprili nilisoma kwenye simu kwamba Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Chama cha Wanasheria cha Kenya, imetamka kuwa matumizi ya nguvu kupita kiasi katika kutekeleza amri ile yalikiuka Katiba, na imemwagiza Inspekta Jenerali achapishe mwongozo wa namna askari watakavyoitekeleza. Nilifurahi kupita kiasi cha mtu mzima. Saa ya kafyu ilikuwa imeshaingia, nisingeweza kwenda kwake, kwa hiyo nilimpigia simu, nikamweleza yote kwa pumzi moja.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Nyuma yake nilisikia sufuria, na sauti ya kijana ikiuliza ni nani.

"Mwalimu," akasema mama, "na huko kortini wameandikaje? Watu walipigwa, au walipata?"

Nilikuwa nimesoma habari ya gazeti tu. Nikamwomba anipe hadi kesho, niitafute hukumu yenyewe.