Mwanamfalme Arthas bado ananirudisha mezani
Usiku unapopoa hapa Dodoma na upepo wa kiangazi ukaanza kugonga mabati ya nyumba yetu Kizota, mimi huwasha kompyuta yangu ya zamani na kurudi katika Warcraft III: Reign of Chaos, mchezo wa mkakati uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment mwaka 2002. Picha zake zimechakaa. Hadithi yake haijachakaa hata kidogo.

Hatua ninayoirudia zaidi ni ya mji wa Stratholme, ambako wakazi wamekwisha kula nafaka yenye tauni na watageuka kuwa maiti zitembeazo. Arthas, mwanamfalme unayemwongoza mchezoni, anaamuru wauawe kabla hawajageuka; Uther, mwalimu wake, anaikataa amri hiyo, Jaina, mchawi aliye rafiki yake, anampa mgongo na kuondoka, na anayebaki kuvunja nyumba moja baada ya nyingine, akishindana na Mal'Ganis, pepo mwovu anayewavuna watu walewale, ni wewe mchezaji, kwa kipanya kilicho mkononi mwako. Mdogo wangu, aliyeujifunza mchezo huu akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, hadi leo hakubali kuicheza hatua hiyo, nami namwelewa.

Wengi huusifu mchezo huu kwa kihariri chake cha ramani, kilichozaa DotA, mchezo maarufu wa mapigano ya timu mbili, na wana haki. Kwangu mimi, uzito wake uko kwa Arthas: anarudi nyumbani katika ufalme wa Lordaeron akimwagiwa maua, anapiga goti mbele ya baba yake, Mfalme Terenas, kisha anamuua, na taji linabingirika sakafuni.