Kutoka Mwinukoni hadi Mbugani: Siku Moja ya Kuainisha Jamii za Mimea

Kazi yangu ni kuainisha uoto wa asili. Naingia katika ardhi ambayo wengi huiita "pori" tu, kisha naigawa katika jamii za mimea kwa kuangalia spishi zinazotawala na mazingira zinamoota. Siku ninayoisimulia hapa ni ya mwisho wa msimu wa mvua katika miombo ya magharibi mwa Tanzania. Wakati huo majani ya miti yamekomaa na nyasi zimetoa mashuke, na hilo ni jambo kubwa kwetu, kwa sababu nyasi isiyo na shuke ni vigumu mno kuitambua kwa uhakika.

Saa 11:30 alfajiri ninakagua vifaa: futi ya kupimia vipenyo, kamba, kifaa cha GPS, keekee ya udongo, presi ya kukaushia mimea na fomu za ploti. Mpango wa leo ni kufuata mstari mmoja unaoanzia juu ya mwinuko na kuteremka hadi mbugani, yaani bondeni kwenye udongo mweusi, na kuweka njiani ploti nne, vipande vya ardhi vilivyopimwa. Mstari wa namna hiyo una sababu yake. Miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alieleza kwamba katika nchi hii aina za udongo hujipanga kwa utaratibu uleule kila unapotoka kwenye kilele cha mwinuko kwenda bondeni. Mfuatano huo aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Udongo ukibadilika, mimea nayo hubadilika, na anayeupita mteremko huo kwa miguu huyaona mabadiliko hayo kwa macho yake.

Saa 1:15 asubuhi tumefika juu. Ploti yangu ina urefu wa mita 50 na upana wa mita 20, yaani sehemu ya kumi ya hekta. Sharti lake la kwanza ni kwamba ndani yake uoto na ardhi viwe vya namna moja. Nilipotaka kufunga kamba, mzee anayetuongoza, ambaye ameijua misitu hii tangu utoto wake, alinyoosha kidole kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa pembeni mwa eneo nililolichagua.

"Mwanangu, ukikitia hicho kichuguu umechanganya mashamba mawili," alisema.

"Ni kweli, Mzee. Tusogee."

Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, na udongo wa vichuguu vyao mara nyingi huwa na kalisi na virutubisho vingine kwa wingi kuliko ardhi inayouzunguka. Ndiyo maana kichuguu katikati ya miombo hubeba kichaka kizito chenye mimea ambayo hutaikuta hatua kumi kutoka hapo. Kichuguu kina jamii yake na kinastahili fomu yake. Tulisogea mita 30.

Kazi iliyochukua muda mrefu zaidi asubuhi ilikuwa kuitambua miti na kuipima. Miti miwili inayotawala hapa ni mtundu, Brachystegia spiciformis, na mtondoro, Julbernardia globiflora, na kwa mbali inafanana sana. Nilivuta tawi nikaliweka jani kiganjani. Jani la mtundu lina jozi chache za vijani, yaani majani madogo yanayounda jani moja, kwa kawaida nne, na jozi ya mwisho, ile iliyo nchani, ndiyo kubwa kuliko zote. Kwenye mtondoro jozi kubwa ni zile za katikati, na ukikipandisha kijani kwenye mwanga unaona ukingoni mwake vinyweleo vyembamba kama upindo wa nguo. Nimejizoeza kutoandika jina lolote kabla ya kuuona upindo huo, maana kosa la mti mmoja hujirudia katika kila hesabu itakayofuata.

Kipenyo cha shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kufikia saa 3:40 tulikuwa tumehesabu mitondoro 31 na mitundu 11. Mtu angeharakisha kusema kwamba mtondoro ndio unaotawala, lakini idadi peke yake haitoshi. Mitondoro mingi ilikuwa na kipenyo cha sentimita 10 hivi, ilhali mitundu mingi ilipita sentimita 30. Eneo la mkato wa shina hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo mti mmoja wa sentimita 40 ni sawa na miti 16 ya sentimita 10. Kwa kipimo hicho mtundu unauzidi mtondoro kwa mbali, na kwa kweli ukiinua macho unaona kwamba kivuli kinachoamua nini kiote chini ni cha mtundu. Kwangu mimi spishi tawala ni ile inayowawekea wengine masharti ya kuishi, na hilo halijulikani kwa kuhesabu vichwa.

Tabaka la chini nalipima kwa kipimo cha Josias Braun-Blanquet, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Mmea unaofunika zaidi ya asilimia 75 ya ardhi hupewa 5, ulio kati ya 50 na 75 hupewa 4, ulio kati ya 25 na 50 hupewa 3, na ulio kati ya 5 na 25 hupewa 2. Iliyo chini ya hapo hupewa 1 ikiwa mingi, alama ya kujumlisha ikiwa michache, na herufi r ukiwa mmoja tu. Nyasi za Hyparrhenia zilipata 3. Keekee ilileta udongo mwekundu wenye kichanga, ambao nikiulowesha na kuuviringisha kati ya vidole hukatika haraka. Mstari huo wa fomu siuachi wazi kamwe, kwa sababu jina la jamii lisilotaja ardhi yake halimsaidii atakayekuja kuitafuta.

Saa 6:00 mchana tulikuwa chini zaidi, mahali ambapo maji hupenya mchanga na kutuama juu ya tabaka gumu. Mitundu imetoweka. Terminalia sericea, yenye majani ya rangi ya fedha, imeshika nafasi pamoja na miti ya Combretum. Ploti hii haikuwa na utata wowote, tuliimaliza mapema.

Utata uko kati ya ploti hizo mbili. Tulirudi juu kidogo kuweka ploti ya tatu katika ukanda ambao mitondoro imechanganyika na Terminalia, na hapo ndipo linapokuja swali la zamani kuliko sisi sote. Mtaalamu wa mimea Mmarekani, Frederic Clements, aliitazama jamii ya mimea kama kiumbe kimoja kinachozaliwa, kinachokua na kukomaa. Mwenzake Henry Gleason, katika makala ya mwaka 1926, alipinga, akisema kwamba kila spishi huota pale inapoweza kuishi, na kwamba tunachokiita jamii ni kukutana tu kwa spishi zenye mahitaji yanayokaribiana. Nikiwa kwenye ukanda kama huu namwelewa Gleason vizuri sana. Hata hivyo siachi kuainisha, kwa sababu mtu anayepanga kuhifadhi msitu hawezi kuulinda mteremko usio na majina. Ninachojilazimisha ni kukumbuka kwamba mpaka ninaouchora kwenye ramani mara nyingi ni mwembamba kuliko ulivyo ardhini.

Saa 9:00 alasiri tuko mbugani. Udongo mweusi wa mfinyanzi unanasa viatu, na nikiuviringisha hutoa utepe mrefu usiokatika. Migunga mifupi ya Vachellia drepanolobium imesimama ikiwa na vinundu vyeusi kwenye miiba yake. Ndani ya vinundu hivyo huishi sisimizi, na upepo ukipita kwenye matundu yao husikika mluzi mdogo. Hapa kipimo cha shina hakina maana kubwa. Miti ilifunika asilimia 15 ya ardhi, na nyasi zilifunika karibu yote iliyobaki. Katika mfumo ulioambatana na ramani ya uoto wa Afrika ya mwaka 1983, mtaalamu wa mimea Frank White aliweka wazi kwamba ardhi ya nyasi yenye mimea ya miti inayofunika kati ya asilimia 10 na 40 ni nyika yenye miti, na siyo msitu. Kwa hiyo umbo la uoto hutajwa kwanza, spishi baadaye.

Jioni vielelezo vilipangwa ndani ya presi kati ya magazeti makavu, na nikaanza kuandika majina. Spishi za tabaka moja huunganishwa kwa kistari, na za matabaka tofauti hutenganishwa kwa mkwaju. Ploti ya kwanza ikawa Brachystegia spiciformis - Julbernardia globiflora / Hyparrhenia, ya mwinuko wenye udongo mwekundu wa kichanga.

Saa 2:30 usiku ilibaki ploti ya tatu. Nilitumia kipimo cha mfanano cha mtaalamu wa mimea Thorvald Sørensen cha mwaka 1948, ambacho huzidisha kwa mbili idadi ya spishi zinazopatikana kote kuwili, kisha hugawanya kwa jumla ya spishi za ploti zote mbili. Ploti ya tatu ina spishi 24. Inashirikiana spishi 15 na ya kwanza, yenye spishi 26, kwa hiyo mfanano ni 0.60. Inashirikiana 14 na ya pili, yenye spishi 22, na mfanano ni 0.61. Sikuona haki ya kuisukumia upande wowote. Niliandika "mpito" kwa penseli, nikachora kwenye ramani kontua, yaani mstari wa kimo kimoja, inayopita kwenye ploti hiyo. Kesho tutaifuata kontua hiyo kuelekea kaskazini. Mchanganyiko uleule ukijirudia kwenye udongo uleule katika ploti tano au sita, basi ni jamii kamili nayo itapata jina lake.