Maji ya Arusha kwa tangi la samaki: ninunue mashine ya kuchujia?

Nilianza kwa kupima maji ya bomba: pH (kiwango cha asidi au alkali) na ugumu (wingi wa madini kama chokaa). Maji mengi ya Arusha hupita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, hivyo yana floridi na alkali nyingi. Chujio la mkaa hupunguza klorini, floridi inabaki. Ya kuipunguza ni mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia madini.

Ila maji ya RO matupu hayana madini; pH huyumba, samaki wanaweza kufa. Kwa neon tetra, samaki wadogo wanaopenda maji yenye madini machache, nachanganya lita 2 za RO na lita 1 ya bomba iliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, nabadilisha robo ya tangi kila wiki, polepole. Mkaa wa mashine ubadilishwe kila miezi 6, maana ukichoka, klorini hupita na kuharibu utando. Maji yanayotupwa na mashine yanafaa kupigia deki.

Mfugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika asinunue: samaki hao wamezoea alkali.