Mifupa ya Bata Mzinga Haitupwi: Supu ya Kiporo cha Krismasi

Hapa Mtwara bata mzinga si kitoweo cha kila siku, na hata wakati wa sikukuu kaya nyingi bado hutegemea kuku wa kienyeji, mbuzi au samaki. Anayempika huwa amemfuga uani kwa miezi mingi, au amemnunua kwa mfugaji akiwa hai, na kwa vyovyote vile amemgharamia kuliko chakula kingine chochote kilichopo mezani. Ndiyo maana hunishangaza kuona, asubuhi ya tarehe 26 Desemba, mifupa yake ikiwa imekwisha kutupiwa paka nyuma ya jiko, ilhali nusu ya utamu wake, na kwa maoni yangu nusu iliyo bora zaidi, bado imo ndani ya mifupa hiyo. Tuseme kweli: nyama ya bata mzinga aliyeokwa ni kavu. Kidari chake kina mafuta machache sana, na moto ukizidi kidogo tu mgeni hubaki akitafuna kwa adabu kwa sababu mwenyeji anamtazama. Mimi ninamfuga kwa ajili ya supu.

Wenye desturi hii tangu zamani wako mbali na sisi. Asili ya ndege huyu ni Amerika, ambako watu wa Mexico walimfuga karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na hadi leo ndiye anayewekwa katikati ya meza nchini Marekani kila Alhamisi ya nne ya Novemba, katika sikukuu yao ya Shukrani, na Uingereza siku ya Krismasi. Kwa kuwa ndege mmoja aliyenona huweza kufika kilo 8 au zaidi baada ya kunyonyolewa, familia haimmalizi kwa mlo mmoja, na siku ya pili mifupa huingia sufuriani. Hatuna haja, hata hivyo, ya kufuata mapishi yao ya tambi na seleri. Jiko la kusini lina nazi, tangawizi na muhogo, na Desemba ndio mwezi wa korosho mpya na maembe, kwa hiyo supu hii tunaweza kuipika kwa vitu vilivyo karibu na mlango.

Kazi huanza usiku uleule wa Krismasi, na hapa ndipo ninapokuwa mkali kwa kila anayeingia jikoni kwangu. Joto la mwezi huo hupita nyuzi 30 mchana, na usiku wa pwani haupoi kiasi cha kuaminika. Kanuni ya wataalamu wa usalama wa chakula ni kwamba nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa mbili, na panapokuwa na joto la zaidi ya nyuzi 32 isizidi saa moja, kwa sababu bakteria huzaliana haraka sana katika vuguvugu. Desturi yetu ya kuacha sinia zima mezani, limefunikwa kawa, ili mgeni wa saa nne usiku naye akute chochote, ni ya ukarimu, lakini haifai kwa nyama hii. Ninachofanya ni kupeleka mezani sehemu tu ya ndege, na mara watu wanapoanza kunawa mikono ninarudi jikoni na kuichambua ile iliyobaki kwa mikono ingali na moto kidogo, maana nyama ikishapoa kabisa hung'ang'ania mfupa. Nyama inakwenda kwenye bakuli pana lisilo na kina ili ipoe upesi, mifupa, ngozi na viungio vinakwenda kwenye chombo chao, na vyote vinaingia katika friji, ambamo vitadumu siku tatu hadi nne.

Asiye na friji, au anayeishi mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, asihangaike kuhifadhi: apike supu usiku huohuo na iliwe ingali moto. Kuna wanaosema kwamba kiporo kikichemshwa sana kinakuwa salama, na si kweli, kwa kuwa baadhi ya bakteria huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi hata wao wenyewe wakifa.

Kuna viungo vingine vya mwili wa ndege ambavyo havifiki katika tanuri kabisa, na hivyo ndivyo vinavyoipa supu uzito. Kwetu ndege huchinjwa na jirani Mwislamu, kama ilivyo kawaida katika mitaa mingi ya Mtwara, ili sahani itakapovuka ukuta siku ya sikukuu pasiwe na mtu wa kusita kuipokea. Baada ya kunyonyoa, shingo, firigisi na miguu huwekwa kando. Miguu ya bata mzinga hutisha kidogo kwa ukubwa wake na magamba yake, lakini ukiitumbukiza katika maji yanayochemka kwa muda mfupi, kisha ukaikamata kwa kitambaa na kuvuta, gamba lote huvuka kama soksi, na chini yake hubaki ngozi nyeupe, laini, iliyojaa utando. Kata kucha, osha kwa chumvi na ndimu, basi. Ikiwa mifupa itapikwa siku ya pili, miguu hiyo ilale katika sehemu ya barafu ya friji, maana ni mibichi.

Sasa sufuria. Mifupa mikubwa ya mapaja na mgongo ninaivunja kwa mgongo wa kisu kizito, ninaipanga pamoja na miguu, shingo na firigisi, halafu ninatia maji baridi mpaka yaifunike kwa kina cha vidole viwili. Kwa ndege wa kilo 6 hivi, lita nne hutosha. Maji yawe baridi kwa makusudi. Yanapopata moto polepole, uchafu na protini za nyama huganda na kupanda juu kuwa povu la kijivu, ambalo utaliengua kwa upawa kwa urahisi, lakini ukiitupa mifupa katika maji yanayochemka povu hilo husambaa na supu huchafuka moja kwa moja. Chumvi usitie. Ndege alikwisha kutiwa chumvi wakati wa kuokwa, na maji yatapungua jikoni, kwa hiyo chumvi inayoonekana ya kadiri saa nne asubuhi itakuwa chungu ifikapo adhuhuri.

Moto ndio mtihani mkubwa kuliko yote, na watu wengi wa kwetu hawapendi kuusikia kwa sababu tumezoea kupima maendeleo ya chakula kwa kelele ya sufuria. Supu hii haitakiwi kutokota kwa fujo. Ikitokota hivyo, mafuta hupigwapigwa na kuvunjika vipande vidogo mno ambavyo haviwezi tena kujitenga na maji, na matokeo yake ni supu nzito ya kijivu inayobaki kwenye midomo. Ninatumia jiko la mkaa kwa hatua hii, ingawa gesi ipo, kwa kuwa mkaa uliokwisha kushika na kufunikwa jivu hutoa joto tulivu ambalo halihitaji mtu wa kulisimamia. Kiputo kimoja kinapanda pembeni, kinapasuka, kisha baada ya kitambo kingine. Kwa muda wa saa tatu hivi, kolajeni iliyomo katika ngozi, utando na viungio inayeyuka na kuwa jelatini, nayo ndiyo inayofanya mchuzi ushike ulimi bila unga wala mafuta. Ishara ya kwamba umefika ni kiungio cha paja: ukikigusa kwa mwiko, mfupa unachomoka wenyewe na ile gegedu nyeupe ya kichwani imelainika kiasi cha kukatwa kwa kijiko. Katika saa ya mwisho, si kabla, ninaongeza kitunguu kizima pamoja na maganda yake ya nje, ambayo hutoa rangi ya dhahabu, karoti mbili, kipande cha tangawizi kilichopondwa na punje chache za pilipili manga.

Kama ndege aliokwa kwa njia ya sufuria yenye mkaa juu ya kifuniko na mkaa chini, ambayo ndiyo tanuri ya wengi wetu, mifupa yake itakuwa imeshika wekundu na harufu ya moshi, na hiyo ni faida kwa supu.

Chuja, acha ipoe, ondoa mafuta yaliyopanda juu. Ukilaza mchuzi katika friji, mafuta hayo yataganda kuwa bamba utakaloliinua kwa mkono mmoja, na chini yake utakuta mchuzi umetetemeka na kushikana. Huo ndio mchuzi uliofaulu. Mafuta usiyamwage, maana yatakaangia vitunguu.

Kuhusu kinachofuata, nyumba yetu ina pande mbili. Wifi yangu, aliyekulia Mikindani, huingia jikoni, hufunua sufuria na kuniuliza kwa sauti ambayo watu wote sebuleni huisikia, “Wifi, supu haina nazi, kwani leo tuna mgonjwa?” Kwake chakula kisichoungwa kwa tui hakijakamilika, na anayo hoja, kwa sababu tui hulainisha ukavu wa nyama hii kuliko kitu kingine. Anayetaka kufuata njia yake atumie tui jepesi kwanza, tui zito alitie mwishoni kabisa huku akikoroga upande mmoja, na asiache lichemke sana lisije likakatika. Mimi, pamoja na heshima yote ninayompa, naona nazi ina sauti kubwa mno kwa supu hii: saa tatu za mifupa humezwa na kifuu kimoja.

Ninaunga kwa korosho. Kwa mtu wa mkoa huu ni kichekesho kidogo kwamba tunaishi katikati ya mikorosho, tunahesabu msimu wa fedha kwa mikorosho, na bado korosho tunaijua kama kitafunio cha chumvi au zawadi ya msafiri. Nunua zilizobanguliwa bila kukaangwa, na chukua vipande vilivyovunjika, ambavyo huuzwa kwa bei nafuu kuliko nzima na kwa kazi hii havina upungufu wowote. Gramu 150 zinatosha kwa lita mbili za mchuzi. Ziloweke katika maji ya moto kwa saa moja au mbili, kisha zisage kwa blenda pamoja na mchuzi kidogo, au zitwange kinuni mpaka ziwe uji mweupe usio na chembe. Uji huo hauna harufu ya kutawala. Unaongeza unene na utamu wa mbali.

Kisha mambo huenda haraka. Kaanga vitunguu kwa yale mafuta, tia kitunguu saumu, tangawizi na bizari kidogo, mimina mchuzi, ongeza viazi viwili vilivyokatwa vidogo na vipande vichache vya embe bichi mahali pa ndimu. Embe huyeyuka nusu na kuacha ukali ambao ndimu haiwezi kuuacha, kwa kuwa wa ndimu huja mara moja na kutoweka. Viazi vikiiva, ingiza korosho na ukoroge mpaka chini, maana hupenda kushika sufuria na kuungua. Nyama ya kidari na mapaja, iliyochanwa kwa mkono kufuata nyuzi zake, iwe ya mwisho kabisa; ilikwisha kuiva jana, na kinachohitajika ni ipate moto hadi katikati, supu ichemke, basi uepue. Anayeichemsha nyama hiyo kwa nusu saa anaikausha mara ya pili, safari hii ndani ya maji. Chumvi ionjwe sasa, kotimiri inyunyizwe, na pilipili ipondwe katika kibakuli cha peke yake ili watoto na wazee wasilazimike kuila.

Tunaila na muhogo wa kuchemsha zaidi ya chapati, kwa sababu muhogo hunyonya mchuzi bila kulainika upesi. Mchuzi mtupu wa mifupa, ule ambao haujatiwa korosho, hugandishwa vizuri katika vikopo na kukaa miezi miwili au mitatu, nami huwa ninatenga kikopo kimoja kwa ajili ya wali wa Mwaka Mpya, ambao hupikiwa mchuzi huo badala ya maji na, kwa amani ya nyumba, hutiwa na tui la wifi.